Filta ya pili ya dizeli kwenye Hilux ya zamani: ipi, ya ukubwa gani, na ifungwe wapi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo ya 2008, injini ya 2KD, imeshatembea kilomita 310,000. Inabeba mzigo kati ya Sumbawanga, Mpanda na vijiji vya huko ndani, na kwingine mafuta ni ya madumu tu. Ndani ya mwaka mmoja SCV, valvu ya kupimia mafuta pampuni, imebadilishwa mara mbili na nozeli moja imefufuliwa. Nataka kuongeza filta ya pili. Muuza spea ananiambia nichukue ya lori, ya maikroni 2, niifunge kabla ya ile ya gari, eti hapo hakuna uchafu utakaopenya. Mwingine anasema nitoe kabisa filta ya Toyota nifunge moja kubwa. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usimsikilize hata mmoja wao. Funga filta ya awali yenye kikombe cha kunasa maji, ya maikroni 30 au 10, yenye uwezo wa kupitisha angalau lita 110 kwa saa, ikae kati ya tangi na filta ya Toyota. Ya Toyota ibaki palepale, na iwe OG, yaani halisi. Maikroni 2 kabla ya pampu kwenye injini hii ni kujitafutia ugonjwa uleule unaoukimbia, na sababu iko kwenye namna 2KD inavyopata mafuta yake.

Pampu ya gari lako inavuta

Kwenye Vigo hakuna pampu ndani ya tangi. Dizeli inavutwa na kapampu kadogo kaliko ndani ya pampu ya presha, hiyo Denso HP3, kupitia bomba lote la chini ya gari, hadi kwenye filta, ndipo iingie pampuni. Kwa hiyo kila kitu kati ya tangi na pampu kiko kwenye mvuto, kama soda ndani ya mrija. Filta unayoongeza ni kidole kinachobana mrija huo. Ya maikroni 30 iliyo kubwa hubana kidogo mno. Ya maikroni 2 hubana zaidi hata ikiwa mpya, na kwa vile umeitanguliza, uchafu wote wa tangi unaishia kwake. Itaziba mapema, huku filta ya Toyota nyuma yake imekaa tu haina kazi.

Halafu kuna suala la mahali unapoishi. Kinachopandisha dizeli kwenye mrija ni msukumo wa hewa ya nje. Pwani msukumo huo ni kilopaskali 101 hivi. Kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni 81 au 82. Umeshapoteza karibu sehemu moja ya tano kabla hujafunga chochote. Filta iliyomfaa mtu wa Dar es Salaam bila shida inaweza kukuacha wewe kwenye mlima ukiwa na tani moja nyuma, gia ya pili, na gari halitaki.

Pampu ikinyimwa mafuta, presha kwenye reli, lile bomba nene linalogawia nozeli mafuta, haifiki pale kompyuta inapotaka. Gari linajipunguzia nguvu lenyewe, taa ya injini inawaka, na fundi akichomeka mashine anasoma namba ya hitilafu ya presha ya reli au ya SCV, kwa sababu SCV ndiyo valvu inayoamua mafuta kiasi gani yaingie kwenye plunja, vile vipande vya pampu vinavyoyapandisha presha. Basi SCV inabadilishwa. Tena plunja za HP3 zinalainishwa na dizeli ileile inayopita, hakuna oili huko, kwa hiyo kila dakika ya njaa ni ya kusagika. Ndiyo maana ile SCV yako ya pili naitilia shaka kidogo. Yawezekana ilikuwa nzima na kilichobanwa ni njia ya mafuta.

Kuna jaribio la bure la kulijua hilo. Juu ya kichwa cha filta kuna kitufe cheusi cha pampu ya mkono. Gari likiwa limetoka kupanda mlima na mzigo, simama, usizime, fungua boneti ukitazame. Kama kimezama chini chenyewe na hakirudi, kuna kizuizi kati ya tangi na filta: wavu wa tangini umeziba, bomba limebonyezwa na jiwe, au mfuniko wa tangi haupumui. Fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inaingia kwa mlio na kitufe kikapanda, umeokoa pesa ya SCV ya tatu kwa bei ya mfuniko. Mfuniko usipobadilisha kitu, kabari iko mbele zaidi, na kuongeza filta juu ya kabari hakutatibu.

Tangi kabla ya filta

Kabla hujanunua chochote, toa lita moja kutoka chini kabisa ya tangi, kwenye bolti ya kumwagia, uiweke kwenye chupa ya kioo nyeupe iliyokauka. Iache usiku kucha mahali pasipotikiswa. Asubuhi itazame kwa mwanga wa dirisha. Dizeli safi inang'aa, unaweza kusoma gazeti kupitia chupa. Ukungu unaobaki baada ya saa nyingi ni maji yaliyosambaa kwa matone madogo mno. Mstari chini, kama glasi ndani ya glasi, ni maji huru. Unga wa kahawia chini ya mstari huo ni kutu. Na ukiona utando mweusi unaoteleza mpakani mwa maji na dizeli, wenye harufu ya kuoza, hao ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji na kula mafuta. Vinaziba filta mpya kwa siku chache, hata uwe na filta tatu. Hapo tangi lishushwe, lioshwe kwa dizeli safi, likauke kabisa, na mafuta ya kwanza kujazwa yatiwe dawa ya kuua vijidudu hivyo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Kosa ninalolichukia hapa ni kuosha tangi kwa mashine ya kuoshea magari na kulirudisha likiwa na maji kwenye kona zake.

Tangi likishushwa, toa geji pamoja na bomba la kuvutia na uangalie kawavu kalichopo mwisho wa bomba. Kwa gari la kilomita 310,000 lililonywa mafuta ya madumu, usishangae kukakuta kamevaa utando kama sweta.

Namba ya maikroni haisemi yote

Muuza spea amekupa namba moja na kuifanya hukumu. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu uko kwenye sabini hivi. Nafasi kati ya sindano ya nozeli na ala yake ni maikroni chache tu, mbili hadi nne, kwa hiyo punje zenye madhara makubwa ni zile ndogo zinazoweza kuingia humo na kusaga. Mpaka hapo muuza spea ana hoja. Lakini "maikroni 2" iliyoandikwa kwenye kopo bila kueleza ilipimwaje haina maana. Filta inayokamata nusu ya punje za ukubwa huo inaweza kuitwa ya maikroni 2 kwa jina, na inayokamata 999 kati ya 1,000 nayo ni ya maikroni 2.

Unachotakiwa kuuliza ni beta. Beta ni hesabu ya punje zilizoingia ikigawanywa kwa zilizotoka. Beta 2 maana yake zikiingia punje 1,000, zinatoka 500. Beta 75, zinatoka 13. Beta 1,000, inatoka moja. Kampuni zinazojiheshimu huandika beta pamoja na ukubwa wa punje na kipimo kilichotumika, kwa mfano ISO 19438, ambacho ni cha filta za mafuta. Kopo lenye maneno "2 micron" kwa herufi nyekundu na halina kingine, lirudishe rafuni.

Kwenye mpangilio wako ukamataji wa punje ndogo ni kazi ya filta ya Toyota. Imepimwa kwa nozeli hizo na kwa mvuto wa pampu hiyo. Ndiyo sababu ushauri wa kuitoa haufai hata kidogo: filta kubwa ya lori itapitisha mafuta mengi, lakini hujui inakamata nini, na umepoteza pampu ya mkono na swichi ya maji vilivyokuja na gari. Filta ya awali kazi yake ni nyingine. Inatoa maji, inabeba mzigo wa kutu, mchanga na utando, ili ile ya mwisho ibaki na kazi ya punje ndogo tu. Mpangilio huwa hivyo daima, wa matundu makubwa kwanza na laini mwisho, kama mtu anavyochekecha unga.

Maji ndiyo adui mkubwa

Chukua hesabu hii. Kiwango cha dizeli cha Ulaya, EN 590, kinaruhusu hadi miligramu 200 za maji kwa kilo. Tangi lako la lita 80 ni kilo 67 hivi za dizeli, kwa hiyo hata mafuta yaliyofaulu kipimo yanaweza kubeba gramu 13 za maji, karibu kijiko kimoja cha mezani. Sehemu kubwa ya hayo imeyeyuka ndani ya dizeli, huioni. Lakini dizeli ya moto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Mafuta yaliyopakiwa kwenye joto la pwani yakalala usiku wa Juni kule kwenu juu yanayatema maji hayo, na yanaenda chini ya tangi. Rudia kila wiki kwa miezi, ongeza dumu lililosuuzwa na kutokaushwa, na sasa unacho kikombe kizima.

Maji yakifika HP3 yanaondoa ulainisho na kuleta kutu kwenye vyuma vilivyosuguliwa kama kioo. Yakifika kwenye ncha ya nozeli, joto linayageuza mvuke ghafla na ncha inaweza kumeguka. Presha ya reli kwenye injini hizi inazidi bar 1,300. Kwa presha hiyo punje ya mchanga inachonga chuma, na kutu iliyoletwa na maji nayo ni mchanga mwingine.

Mahali pa kutolea maji ni kabla ya pampu, upande wa mvuto, wakati matone bado makubwa. Yakishapigwa na pampu yanakuwa ukungu usiotengana kirahisi. Hilo peke yake latosha kukataa zile filta ndogo za plastiki za mstari ambazo mafundi huzichomeka popote: hazina kikombe, hazina koki ya chini, na karatasi yake ya kawaida inafyonza maji, inavimba na kuziba. Tafuta yenye karatasi iliyotibiwa isilowe maji, kikombe cha kuonekana ndani, koki ya kumwagia, na tundu la sensa. Sensa yenye taa au kengele ndani ya gari ninaiona ni lazima kwa gari la mzigo, maana dereva aliyechoka haingii chini ya boneti kutazama kikombe.

Lita kwa saa

Injini yako, ikiwa ni 2KD isiyo na intakula (kipoza hewa ya tabo), inatoa kilowati 75. Injini nzuri ya dizeli inachoma gramu 230 hivi kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo ikikanyagwa mpaka mwisho inakula kilo 17, yaani lita 20 na kidogo kwa saa. Lakini pampu inavuta zaidi ya yanayochomwa. Yanayobaki yanarudi tangini kupitia bomba la marejeo, nayo yamepita filtani vilevile. Zidisha kwa nne, unapata 80. Ongeza nafasi ya uchafu na mwinuko, ndipo nikasema isipungue 110.

Kwenye familia ya filta za Racor za kuzungusha kwa mkono, tarakimu mbili za mwisho ni galoni za Marekani kwa saa. 215R ni lita 57, ndogo kwako. 230R ni lita 114, inatosha. 245R ni lita 170, na kama nafasi chini ya boneti ipo na tofauti ya bei si kubwa, chukua hiyo, kwa sababu filta kubwa hubana kidogo na hudumu zaidi. Turbine 500FG ya lita 227 ni chombo kizuri sana lakini ni kirefu, na kwenye Vigo utahangaika kuipatia pa kukaa. Elementi za Racor, yaani viini vya kuchujia, zinatambulika kwa rangi: kahawia ni maikroni 2, bluu ni 10, nyekundu ni 30. Chagua nyekundu kama mafuta yako mengi ni ya vituo vikubwa na shida ni dumu la mara moja moja. Chagua bluu kama madumu ndiyo maisha yako, kwa sharti kwamba utaibadilisha mapema. Stanadyne Fuel Manager na PreLine ya Mann nazo zinafanya kazi ileile. Usinunue chombo ambacho elementi yake huwezi kuipata Mbeya au Dar ndani ya wiki.

Kwa mwenye bajeti finyu kuna sedimenta, kile kikombe cha kutulizia maji kilichokuja na baadhi ya Land Cruiser, kisicho na karatasi yoyote. Hakikamati unga, ila kinatuliza maji na kutu nzito bila kubana njia hata kidogo, na hakuna elementi ya kununua. Kikiwa kizima, na mpira wake wa kuzibia ni mpya, ni bora kuliko filta feki ya bei mara tatu.

Feki

Filta ya Toyota unayoinunua, kwa Vigo namba yake huwa 23390-0L010 au iliyoirithi, 0L041, ni mojawapo ya spea zinazoigwa sana. Boksi linaigwa vizuri kuliko filta yenyewe. Linganisha na ya zamani iliyotoka kwenye gari kabla ya kulipa: mikunjo ya karatasi iwe na nafasi sawa, isiyolaliana, gundi ya ncha iwe imezunguka kote bila mwanya, mpira wa kuzibia uwe laini unaorudi ukibonyezwa. Ukiweza, nunua mbili na ukate moja. Unapoteza filta, lakini unajua duka hilo linauza nini. Ndani ya feki karatasi ni fupi, mikunjo michache, na mara nyingine mshono wa karatasi haukugundishwa mpaka mwisho, kwa hiyo dizeli inapita kando kabisa. Filta ya namna hiyo haizibi kamwe, na mwenye gari hufurahi kwamba inadumu.

Kufunga

Ifunge ndani ya boneti, kwenye ukuta wa upande ulio mbali na ekzosi na tabo, ikisimama wima, kikombe chini, pawe na nafasi ya kuweka kopo la kumwagia maji. Kwenye chasisi karibu na tangi ingekuwa sawa kwa mvuto, lakini kwa barabara zenu jiwe moja litavunja kikombe cha plastiki na utalala porini. Breketi iwe ya chuma cha milimita 3 kwenye bolti mbili. Bati jembamba linatikisika na kukata mpira.

Mpira uwe wa dizeli, wenye maandishi ya kuthibitisha hivyo, usio mwembamba kuliko bomba la gari. Pima bomba kwa vernia kalipa, usikisie. Viungo vya kuingilia kwenye filta vinapokuwa na tundu dogo kuliko bomba, umefunga filta kubwa na kuitia kizibo. Epuka kona kali. Kiungo cha nyuzi 90 kilichochongwa kwa kutoboa mara mbili hubana kuliko mpira uliopinda taratibu. Usitumie bomba la shaba wala la chuma cha mabati, kwa sababu shaba na zinki huharakisha kuharibika kwa dizeli na kuzalisha utando wa gundi. Kwenye meno ya viungo usizungushe ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Unyuzi wake unakatika, unaingia njiani, na hakuna filta ya kuuzuia ukiwa umetokea upande safi. Tumia gundi ya maji ya kuzibia meno inayostahimili dizeli, iache ikauke muda ulioandikwa.

Tazama mishale ya kuingia na kutoka mara mbili. Osha eneo lote kwa brashi na upulize kabla hujafungua hata kiungo kimoja, kisha ziba kila mdomo wa mpira ulioufungua kwa plastiki safi. Vumbi la gereji linaloangukia upande wa kutokea filta ya Toyota linakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Kwa sababu hiyohiyo usijaze filta mpya ya Toyota kwa kumimina dizeli kutoka kwenye kikombe. Mafundi wengi waliozoea injini za zamani hufanya hivyo ili gari liwake haraka. Kwenye D4D, yaani injini za reli kama yako, unakuwa umemimina mafuta yasiyochujwa upande uliochujwa. Ifunge tupu, kisha pampu kwa mkono. Anza na filta ya awali: legeza skrubu yake ya kutolea upepo, pampu mpaka povu liishe, kaza. Endelea na kitufe cha Toyota mpaka kiwe kigumu. Kisha piga stata kwa sekunde zisizozidi kumi, pumzika nusu dakika, rudia. Usilegeze kamwe bomba za presha kwenye nozeli ili kutoa upepo kama ilivyokuwa kwenye injini ya zamani ya 3L. Mchirizi wa dizeli wa presha hiyo unapenya ngozi, na mkono unaweza kukatwa.

Hewa inayoingia kimyakimya

Hapa ndipo filta nyingi za pili hushindwa. Upande wa mvuto hauvujishi mafuta nje. Unavuta hewa ndani. Kiungo kilicholegea kitakuwa kikavu kabisa, huku gari asubuhi linapigwa stata muda mrefu kabla ya kuwaka, na likiwa limesimama mngurumo unapanda na kushuka. Kwa siku ya majaribio, weka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, cha urefu wa kiganja, kabla tu ya kuingia kwenye filta ya Toyota. Injini ikinguruma, kimulike kwa tochi. Vipovu vichache dakika ya kwanza si neno. Mfululizo wa vipovu kama shanga usioisha ni hewa inayoingia: kaza klipu moja moja ukianzia tangini, ukitazama shanga zinakatika wapi. Ukimaliza, toa hicho kipande, rudisha mpira wa kweli. Plastiki ya namna hiyo inakuwa ngumu kama mfupa kwa joto la injini.

Kama unaweza kuongeza kitu kimoja tu zaidi ya filta, ongeza geji ya mvuto kati ya filta ya Toyota na pampu. Siku filta zote ni mpya, panda mlima mmoja unaoujua, gari likiwa na mzigo, na uandike inasoma ngapi. Hiyo ndiyo namba ya gari lako. Ikipanda kilopaskali 10 juu ya hapo kwenye mlima uleule, badilisha elementi ya awali bila kujali kilomita. Bila geji, badilisha zote mbili kila kilomita 10,000, na mwaga maji ya kikombe kila Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha, wakati yametulia usiku kucha. Mwagia kwenye kopo la kioo, si ardhini, uone ni kiasi gani. Kiasi kikiongezeka ghafla, unajua tangi lililopita ulijaza wapi.

Kwa wenye 5L na 1HZ

Wasomaji wenye Hilux ya 5L au Land Cruiser ya 1HZ wasichukue ukali wote huu. Pampu zao ni za mzunguko za zamani, nozeli zinafunguka kwenye bar 150 hivi, na zinavumilia uchafu ambao ungeua D4D ndani ya mwezi. Hata hivyo nazo zinavuta zenyewe, kwa hiyo hesabu ya mvuto na hewa ni ileile. Maikroni 30 na kikombe kizuri vinawatosha.

Kitu ambacho filta haiwezi

Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inapita kwenye filta yoyote duniani bila kuacha alama, kwa sababu mafuta ya taa si uchafu, ni kimiminika kilichochanganyika. Kinachopungua ni ulainisho, na HP3 inasagika hata kama kikombe ni kisafi kama maji ya chemchemi. Dawa ni kuchagua kituo. Panapobidi dumu, liache litulie usiku mzima, vuta kwa mpira kutoka juu, na lita tano za mwisho zibaki ndani ya dumu. Mwenye dumu atakununia. Mlipe hizo tano.

Na kuhusu SCV: ya tatu usiinunue bado. Tangi, wavu, mfuniko, filta ya awali, filta OG, kisha jaribio la vipovu. Vyote vikiwa safi na mngurumo bado unapanda na kushuka, mwambie fundi pampu apime marejeo ya nozeli zote nne kwa chupa nne zinazofanana, injini ikinguruma bila kukanyagwa kwa muda uleule. Nozeli inayorudisha mafuta mengi kupita wenzake ndiyo inayomwaga presha, nayo SCV inalaumiwa kwa kosa lake. Zote nne zikirudisha sawa na kidogo, hapo ndipo pesa ya SCV ina haki ya kutoka.